Dawa za jeneriki: tunagombana na jina, wakati kinachoumiza ni kubadilishiwa kimyakimya

Mleta uzi:

Wadau, hapa jukwaani hapakosi mtu anayeuliza: "Nimepewa dawa yenye jina tofauti na niliyozoea, nimeze au nirudishe?" Majibu huwa yaleyale. Wapo wanaosema jeneriki ni makapi, tafuta orijino hata kwa kukopa. Wapo wanaomcheka muulizaji kwamba hajui kemia. Naona wote wanapiga pembeni. Uzi ni mrefu, asiye na muda aruke.

Msingi kwanza, kwa haraka. Kampuni iliyogundua dawa hulindwa na hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, na chini ya TRIPS, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani, hataza hudumu miaka 20 tangu maombi yawasilishwe. Ikiisha, viwanda vingine vinaruhusiwa kutengeneza dawa yenye kiambato hai kilekile, yaani kemikali inayotibu, kwa kipimo kilekile, ya kutumiwa kwa njia ileile. Hiyo ndiyo jeneriki; ile ya kwanza ndiyo watu huiita orijino. Rangi, umbo na vijazio (vitu visivyotibu vinavyojaza kidonge) vinaweza kutofautiana. Kiwanda kipya hakirudii majaribio makubwa kwa wagonjwa. Kinachodaiwa ni ushahidi kwamba dawa yake inaingia kwenye damu kwa kiasi na kwa kasi ileile kama ya kwanza. Marekani iliifungua njia hiyo kwa sheria ya Hatch-Waxman ya mwaka 1984, na leo takribani dawa tisa kati ya kumi wanazoandikiwa wagonjwa wa huko ni za jeneriki.

Sasa uvumi mkubwa, ambao nimeusikia hata kwa madaktari: "Jeneriki inaruhusiwa kupungua asilimia 20 au kuzidi asilimia 25." Namba hizo zipo kweli, ila zimesomwa vibaya. Watu wa kujitolea humeza dawa zote mbili kwa nyakati tofauti, wanatolewa damu mara nyingi, kisha viwango vinalinganishwa. Wastani peke yake hautoshi. Wanatakwimu huweka wigo kuuzunguka wastani huo, kuonyesha jibu la kweli linaweza kuwa wapi, na wigo wote, ncha ya chini na ncha ya juu, ni lazima uwe kati ya asilimia 80 na 125 ya dawa ya kwanza. Dawa ambayo wastani wake uko kwenye 82 kwa kawaida itaanguka, kwa sababu ncha yake ya chini itatoka nje. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipitia vipimo 2,070 vya aina hii vya kati ya 1996 na 2007. Tofauti ya wastani katika kiasi chote kilichoingia kwenye damu ilikuwa asilimia 3.56, na katika kilele cha dawa kwenye damu asilimia 4.35. Hiyo ndiyo tofauti tunayopigia kelele.

Basi mbona watu wanalalamika? Wanasingizia?

Hapana. Sehemu ya maumivu na ya nafuu huamuliwa na kile tunachotarajia, na hilo limepimwa. Mwaka 1981 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa wanawake 835 waliozoea kutumia dawa za kichwa. Wengine walipewa aspirini yenye jina maarufu, wengine aspirini isiyo na jina, na wengine kidonge kisicho na dawa yoyote, nacho pia kikiwa na jina au bila jina. Jina peke yake liliongeza nafuu, hata juu ya kidonge kitupu. Mwaka 2008 watafiti Marekani waliwapa watu vidonge vitupu wakiwaambia ni dawa mpya ya maumivu. Walioambiwa inauzwa bei kamili, asilimia 85 hivi walipata nafuu. Walioambiwa bei imeshushwa, asilimia 61. Upande wa pili wa jambo hilo unaitwa nosebo: ukitarajia madhara, mwili unakuletea madhara. Kichwa kinagonga kweli, usingizi unapaa kweli. Kumwambia mtu wa namna hiyo "ni mawazo yako tu" ni ukatili, tena ni utabibu mbovu.

Lakini wanaotetea jeneriki hupenda kuishia hapo, kana kwamba kila lalamiko ni nosebo. Hapo ndipo ninapoachana nao. Kulikuwa na jeneriki ya bupropion, dawa ya sonona, iliyoitwa Budeprion XL. Ile ya miligramu 300 iliidhinishwa mwaka 2006 bila yenyewe kupimwa kwa watu, wakitegemea kipimo cha ile ya miligramu 150. Wagonjwa wakaanza kusema sonona imerudi, wengine wakaumwa kichwa. Mwaka 2008 FDA ikatoa taarifa ikiitetea dawa, ikisema sonona ni ugonjwa wa kurudirudi. Baadaye ikafanya kipimo chake yenyewe, na Oktoba 2012 ikatangaza kwamba dawa ile hailingani na orijino, ikaondolewa sokoni. Miaka na miaka wagonjwa wanasema, miaka na miaka wanaambiwa ni hisia. Anayewacheka watu humu aikumbuke Budeprion.

Sasa angalieni visa viwili ambavyo havihusiani na jeneriki hata kidogo.

Brisbane, Australia, 1968. Wagonjwa wa kifafa waliokuwa wametulia kwenye phenytoin walianza kuyumba, kuona viwili viwili na kulewa bila pombe. Kapsuli zao zilikuwa za kampuni ileile, jina lilelile, kipimo kilekile. Kilichobadilika ni kijazio: kalsiamu salfeti iliondolewa, ikawekwa laktosi. Dawa ikaanza kuingia kwenye damu kwa wingi kuliko zamani, hadi kufikia kiwango cha sumu.

Ufaransa, 2017. Levothyrox, dawa ya tezi shingo, ilibadilishwa vijazio na kampuni yake yenyewe, Merck, ili idumu vizuri zaidi. Laktosi ikatoka, vikaingia manitoli na asidi ya sitriki. Maelfu ya wagonjwa walilalamika: uchovu, nywele kukatika, misuli kuuma. Wataalamu walibishana sana. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya Lyon iliamuru kampuni iwalipe fidia wagonjwa zaidi ya 3,000. Haikusema dawa ni sumu. Ilisema wagonjwa hawakuelezwa ipasavyo kwamba vijazio vimebadilika.

Mnaona ninakoelekea? Phenytoin ya Brisbane ilikuwa "orijino". Levothyrox ilikuwa "orijino". Aliyeapa kutogusa jeneriki maisha yake yote angekumbwa na yote mawili. Kilichowaumiza watu hawa ni mabadiliko waliyofanyiwa bila kuambiwa, wakabaki wanajiuliza kama wamerukwa na akili.

Kuna utafiti wa mwaka 2014 unaonipa nguvu kwenye hili. Wagonjwa waliotoka kwenye shambulio la moyo, wakitumia jeneriki, walifuatiliwa kuona nini kinatokea kidonge kikibadilika sura kati ya chukuo moja na lingine. Rangi ikibadilika, uwezekano wa kuacha dawa ulipanda kwa asilimia 34. Umbo likibadilika, asilimia 66. Kemikali ileile ndani. Mtu anafungua boksi, anakuta kidonge cha waridi badala ya cheupe, anasema wamekosea, anakiweka kando. Na dawa ya moyo iliyowekwa kando haimtibu mtu.

Nakaribisha michango, hasa madaktari na wafamasia mliomo. Nataka kujua kwa nini nyinyi wenyewe hamuaminiani kwenye hili.

Sina Imani:

Mkuu umeandika vizuri ila umekwepa jambo moja. Kitu cha bei ndogo ni cha bei ndogo kwa sababu. Hakuna kiwanda cha hisani duniani.

Mleta uzi:

Hakuna hisani, nakubali. Aliyegundua anarudisha gharama za utafiti, za majaribio ya wagonjwa na za dawa zake nyingine zilizofeli njiani. Anayefuata halipi hizo. Halafu viwanda vikiwa vingi kwa dawa moja vinashindana, bei inaporomoka. Jambo ambalo wengi hawalijui: kampuni kubwa za orijino nazo zimekuwa zikiuza jeneriki. Sandoz, kampuni ya jeneriki, ilikuwa mali ya Novartis, kampuni kubwa ya orijino, hadi zilipotengana mwaka 2023. Tena ipo jeneriki inayotoka kwa mwenye jina mwenyewe, dawa ileile, lebo imebadilishwa tu.

Sina Imani:

Na feki je? Huko ndiko watu wanakufa.

Mfamasia wa zamu:

Naomba nijibu hili, maana linanichosha dirishani kila siku. Feki na jeneriki ni vitu viwili. Jeneriki imesajiliwa, kiwanda kinajulikana, kuna wa kumshika. Feki haina mwenyewe. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja ya kitabibu kati ya kumi ni duni au bandia. Hilo ni janga, sipunguzi neno. Lakini wahalifu wanaigiza chochote chenye faida, na jina kubwa lina faida zaidi. Mwaka 2012 Marekani iligundua Avastin ya bandia, dawa ya saratani ya bei mbaya, ndani haina kiambato hai kabisa. Hiyo waliigiza orijino.

Kwa haki niseme na ubaya wa upande wetu. Mwaka 2013 kampuni ya jeneriki ya Ranbaxy ilikiri makosa ya jinai Marekani na kukubali kulipa dola milioni 500, kwa viwanda vilivyokiuka taratibu na taarifa za uongo kwa mamlaka. Kwa hiyo mtu akiniambia haamini kiwanda fulani, simcheki. Namuuliza kipi, na kwa nini. Akiniambia haamini jeneriki zote duniani, hapo namuuliza kama anajua watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI katika nchi maskini wanameza nini. Tangu Cipla, kampuni ya jeneriki ya India, ilipotangaza mchanganyiko wake wa dawa tatu mwaka 2001 kwa sehemu ndogo tu ya bei iliyokuwepo, mamilioni wameishi kwa jeneriki. Mwaka huohuo WHO ilianza mpango wa kuzikagua dawa na viwanda mapema kabla mashirika hayajanunua. Hakuna aliyewahi kunijia dirishani akidai dawa hizo ni makapi.

Na dondoo moja ya kufurahisha. Wachumi wa Marekani waliangalia watu hununua nini kichwa kikiuma. Utafiti ulichapishwa 2015. Mnunuzi wa kawaida alichukua yenye jina maarufu mara 26 katika 100. Wafamasia, wakijinunulia wenyewe, mara 9.

Daktari wa wodi:

Mleta uzi ametuuliza madaktari, nami nitajibu bila kupamba.

Tunaandika jina la biashara kwa sababu nyingi, na chache kati yake ni za kisayansi. Jina la biashara limetungwa liwe fupi na lishike ulimini. Jina la kitaalamu ni silabi saba na linafanana na la dawa nyingine. Wawakilishi wa kampuni wanatufikia tangu tukiwa wanafunzi, wanaleta kalamu, wanaleta makaratasi yenye grafu. Aliyekufundisha wodini aliita dawa kwa jina la biashara, nawe utaiita hivyo hadi ustaafu.

Sababu nzito zaidi ni woga. Mgonjwa wangu akizidiwa, hatarudi kwa kiwanda, atarudi kwangu. Nikimwona ametulia kwenye dawa fulani, sitaki mtu yeyote aiguse. Si kwamba nina ushahidi kwamba ile nyingine ni mbaya. Sitaki tu kipya cha kukihangaikia.

Kuna mapitio yaliyochapishwa mwaka 2008 katika JAMA, jarida la kitabibu la Marekani, kuhusu dawa za moyo na mishipa, tafiti 47, 38 kati yake za kupanga wagonjwa kwa bahati nasibu. Hakukuwa na ushahidi kwamba orijino inashinda jeneriki katika matokeo ya kitabibu. Watafiti haohao wakakusanya maoni ya wahariri na wataalamu kwenye majarida katika kipindi hicho: kati ya 43, maoni 23 yalikuwa yanapinga kubadilisha kwenda jeneriki. Ushahidi unasema hivi, sisi tunasema vile. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka, maana niliwaona wenzangu mle ndani wote.

Na mgonjwa anatusoma usoni. Nikiandika jeneriki huku nikiguna "basi, tumia tu hii iliyopo", nimeshamfungulia nosebo. Afadhali nisingesema kitu.

Mama Kifafa:

Daktari, samahani, mimi hapo ndipo ninapotaka kuuliza. Mwanangu ana kifafa, ametulia kwa muda mrefu na dawa yenye jina. Safari iliyopita nikapewa boksi lingine, nikaambiwa "ni ileile mama". Sikumpa hadi nilipopata ile ya zamani. Je, nilifanya ujinga?

Daktari wa wodi:

Hapana mama, hukufanya ujinga. Ila hukupaswa kuachwa peke yako kuamua hilo nyumbani. Hatari kubwa kuliko zote kwa mtoto wa kifafa ni kukosa dozi wakati unaitafuta ile ya zamani.

Kuna dawa ambazo nafasi kati ya kiwango kinachotibu na kinachodhuru ni nyembamba sana. Phenytoin ni mojawapo, ndiyo maana Brisbane iliwaumiza watu. Warfarin, lithiamu, digoxin, levothyroxine, na tacrolimus ya waliopandikizwa viungo huhesabiwa humo pia. Kwa dawa za aina hii mamlaka ya Ulaya hubana ule wigo aliousema mleta uzi, kutoka 80 hadi 125 kuwa 90 hadi 111.11.

Kwa kifafa hasa, mamlaka ya dawa ya Uingereza mwaka 2013 iligawa dawa katika makundi matatu. La kwanza lina phenytoin, carbamazepine, phenobarbital na primidone: mgonjwa abaki kwenye dawa ya mtengenezaji mmoja, awe wa orijino au wa jeneriki. La pili, mfano valproate na lamotrigine: daktari na mgonjwa waamue pamoja kwa kuangalia hali yake. La tatu, mfano levetiracetam: kwa kawaida hakuna haja ya kung'ang'ania mtengenezaji. Kwa hiyo swali la kwanza, mwanao anatumia dawa gani?

Mama Kifafa:

Lamotrigine.

Daktari wa wodi:

Basi kuna habari kidogo nzuri. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti katika jarida la Lancet Neurology, wagonjwa halisi wa kifafa, si watu wa kujitolea wenye afya. Walichukua jeneriki mbili za lamotrigine zilizokuwa zinatofautiana zaidi kwenye soko, wakawahamisha wagonjwa huku na huku. Viwango kwenye damu vililingana. Hata hivyo wale walikuwa watu wazima na wewe una mtoto. Ongea na daktari wake kabla boksi halijaisha. Mkikubaliana kuhama, hameni mara moja, mtulie hapo, na uandike tarehe. Kama mtoto atapata degedege, daktari ataona kwenye daftari limekuja kabla au baada ya kuhama.

Sina Imani:

Mbona mnasema jeneriki moja kwa nyingine? Si zote zimepimwa?

Mfamasia wa zamu:

Kila moja imepimwa dhidi ya ile ya kwanza. Kwa kawaida hazipimwi zenyewe kwa zenyewe. Kwenye karatasi inawezekana moja ikawa chini kidogo ya orijino, nyingine juu kidogo, na mgonjwa akahama kutoka chini kwenda juu. Kwa dawa nyingi mwili hautagundua chochote. Kwa zile nyembamba alizotaja daktari, ndiyo maana tunasema baki na mtengenezaji mmoja. Shida ni kwamba sisi dirishani tunapokea kilicholetwa. Mwezi huu kiwanda hiki, mwezi ujao kile. Mgonjwa anadhani tunamchezea.

Niongeze la insulini kabla mtu hajauliza. Nakala za dawa zinazotengenezwa na chembe hai, kama insulini, haziitwi jeneriki, maana molekuli kubwa namna ile haiigiki kwa usahihi uleule. Zina njia yao ya kuidhinishwa na vipimo zaidi. Tusizichanganye humu. Vilevile dawa za kuvuta za pumu: kifaa kikibadilika, namna ya kuvuta inabadilika, na mgonjwa asipoonyeshwa upya atavuta hewa tupu.

Mleta uzi:

Mfamasia, hapo kwenye "tunapokea kilicholetwa" ndipo ninapokubana. Kiwanda huwezi kukichagua, sawa. Lakini maneno matatu dirishani huwezi? "Kidonge kimebadilika rangi." Mwenzio anapokea boksi, anaingia kwenye foleni ya kutoka, anakwenda kugundua nyumbani.

Mfamasia wa zamu:

Naweza, na wakati mwingine nasema. Foleni ikiwa ndefu sisemi. Huo ndio ukweli. Tena ukisema, nusu ya watu wanarudisha dawa palepale, unatumia dakika kumi kuwatuliza huku nyuma wanaguna.

Daktari wa wodi:

Hilo lingepaswa kuanzia kwangu. Nikimwambia mgonjwa chumbani kwamba dawa yake ya presha ni amlodipine, kwamba boksi linaweza kuja na majina matano tofauti juu yake, na kwamba neno la kulitafuta ni lile dogo lililoandikwa chini ya jina kubwa, wewe dirishani unamaliza kwa sentensi moja.

Sina Imani:

Mimi bado nachagua orijino kwa presha yangu, lakini hilo la jina dogo sikulijua. Nimeangalia boksi sasa hivi. Ni losartan. Na kwenye droo nina boksi jingine la jina lingine nililoandikiwa kwingine, nalo ni losartan. Nilikuwa nameza zote mbili?

Daktari wa wodi:

Mkuu, acha kusoma uzi. Usimeze nyingine leo, pima presha sasa, kisha kesho asubuhi nenda kliniki na maboksi yote mawili mkononi. Ukisikia kizunguzungu au kuzimia unaposimama, usisubiri kesho.